Fundi Aliyemuuliza Mungu Kila Kitu

Alikuwa akishika mkasi, anaufungua, anauelekeza kwenye alama ya chaki, halafu anatulia. Hakuwa anapiga hesabu. Hesabu alishamaliza, tepu iko shingoni na vipimo vyako kichwani. Alitulia tu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mteja mgeni alidhani amesinzia. Mteja mwenyeji alikaa kimya, maana kitambaa chenyewe alikipangia foleni tangu alfajiri, na mkono ukikosea hakuna kingine.

"Vipi Fundi, pana shida?"

"Hapana shida. Bado sijaambiwa."

Basi mnangoja wote, mteja, Fundi na kitambaa. Kisha mkasi unapita mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, wala hauinuki.

Nitamwita Fundi kwa sababu mtaa mzima ulimwita hivyo, ingawa Kariakoo ya miaka ile ukiita "Fundi!" waligeuka wengi kuliko uliyemtaka. Cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la nyumba moja Mtaa wa Sikukuu. Mimi na magunia yangu ya vitunguu tulikuwa mwisho wa baraza hilo hilo, tukigombania kivuli. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na kwenye kikundi chetu cha ndugu waliookoka ndiye aliyekuwa kiongozi. Mimi pia nilikuwa ndugu, lakini wa daraja la chini: nilisali kwa imani, nikauza kwa tahadhari.

Yeye Mchaga, mimi Mpare, watani wa jadi, kwa hiyo hatukukosa la kusemezana.

"Fundi, Mungu ana dunia nzima ya kuendesha. Ana ukame, ana vita, ana bei ya mafuta. Wewe unamsumbua kwa kola ya shati?"

"Akichoka ataniambia. Wewe Mpare mwulize kwa nini kwenye gunia lako vitunguu vikubwa vyote viko juu."

"Vinapanda vyenyewe. Njiani lori linatikisika."

"Lori la Mpare," alisema, akarudisha pini mdomoni.

Hakuwa mtu wa kupatana bei. Alitaja moja, basi. Kwa mtu kama mimi, ninayechukua bei ya kwanza kama salamu, hiyo ilikuwa karaha. Nilimtajia nusu, akaendelea kushona. Nikapandisha kidogo, akaendelea kushona. Nikaondoka, nikarudi, nikapandisha tena. Mwisho nilifika kwenye bei yake peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote, nimechoka kama niliyetoka Ubungo kwa miguu.

Ile sauti aliyokuwa akiisikia sitasema ilimpeleka sawasawa kila mara. Asubuhi moja alisema ameambiwa ampe pasi yake ya mkaa kijana aliyekuwa ametoka jela, hana kazi, apate pa kuanzia. Akampa na mkaa. Kabla ya adhuhuri nikaiona pasi ile Mtaa wa Msimbazi, imewekwa juu ya gazeti chini, katikati ya vitasa na miwani. Niliijua kwa jogoo wake: kile kifungio cha mbele kilikuwa na umbo la jogoo, na mkia wake ulikuwa umevunjika. Nikabishana na mwenye gazeti mpaka tukawa kama ndugu, nikainunua, nikaibeba hadi barazani.

"Fundi, pasi yako hii."

"Siyo yangu. Nilishampa mtu."

"Huyo mtu kaiuza!"

"Basi ni ya aliyeinunua. Nani kainunua?"

"Mimi."

"Bwana asifiwe. Niazime."

Akaiazima kila siku ya kazi, miaka yote iliyofuata, na kila jioni alinirudishia na asante juu. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili nikitafuta alipokosea, sijapaona, na bado najua aliyepunjwa ni mimi.

Lakini ziko siku zilizonifunga mdomo. Mara moja aliacha suruali ya mtu nusu, akavaa viatu, akaniambia tunakwenda Ilala kumwangalia mama mmoja wa kikundi chetu. Nikamuuliza mama huyo ana nini. Akasema hajui, ameambiwa tu aende. Njia nzima nilimlalamikia kuhusu magunia yangu. Tukamkuta yule mama amelala na homa, mtungi mkavu, na hana mtu. Fundi hakuanza kwa sala. Alichukua ndoo, akaniashiria na mimi nichukue nyingine. Tulipomaliza kuchota, tukapika uji, ndipo akakaa kitandani pa mgonjwa akasali maneno machache sana. Kurudi sikulalamika. Alinitazama akasema, "Sasa umenyamaza kwa homa au kwa imani?"

Alitufundisha hayo mambo kila Alhamisi alasiri, uani nyuma ya nyumba. Alisema ukitaka kujua kama umesikia kweli, angalia kwanza Neno linasema nini, kisha angalia kama moyo wako umetulia, kisha walete ndugu. Hapo aliinua kidole chenye kastabini, kikofia cha kukinga sindano: "Na sauti ikikubaliana na tumbo lako, iulize imetoka wapi." Tulicheka. Tuliipenda sana hiyo. Tuliwaambia watu wengine.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kizaramo tuliyemwita Bi Mkubwa, naye ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, mwakilishi wa chama mtaani. Miaka ile kila mtu alikuwa ndugu: chama kilituita ndugu, na sisi tuliookoka tuliitana ndugu. Mara ya kwanza aliposikia mkutano uani kwake, alitokea na kanga imefungwa kiunoni.

"Mkutano wa ndugu gani huu, nami balozi sina habari?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Fundi. "Ni ndugu katika Bwana."

"Marahaba. Bwana yupi tena? Mabwana si tumewaondoa?"

Fundi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni, akampisha kiti. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa alitandika mkeka kwenye mlango wa uani kila Alhamisi, akachambua mchele wake akitusikiliza. Hakubadili dini yake hata chembe, wala hakuna aliyemwomba abadili. Maoni alitoa.

"Mnakaa kimya kama mnatega ndege," alituambia. "Sisi tunasali tunamaliza. Nyinyi mnasali halafu mnangoja majibu, kama mmepeleka barua wizarani."

Fundi alikuwa na toba kali kuliko wote. Mafundi wengi wana dhambi moja inayojulikana: vipande. Unapeleka kitambaa cha kutosha, unarudishiwa nguo, masalio huyaoni. Fundi alipookoka alikusanya vipande vya miaka yote, akavifunga mafungu, akazunguka navyo nyumba kwa nyumba kuvirudisha. Mama mmoja wa mtaa wa Gerezani alipewa kipande cha gauni ambalo lilishachakaa, likawa tambara, likatupwa. Alikishika kipande kile, hajui acheke au amfukuze. "Sasa nikitie wapi, Fundi?" Akajibu, "Popote, mama. Mradi kisikae kwangu."

Na kila Alhamisi alikuwa na la kutubu. Amemfokea mwanafunzi wake. Amemwambia mteja nguo ni ya kesho na anajua ni ya keshokutwa. Amemtupia kiatu kuku wa Bi Mkubwa. Vidogo vidogo hivyo alivileta vyote, hata tukaona aibu kwa vyetu vikubwa tulivyoviacha nyumbani.

Huyo mwanafunzi aliyemfokea alikuwa Aikande.

Aikande alikuja kujifunza kushona akiwa msichana mkimya, Mchaga wa mlimani kama Fundi. Alimwita Fundi Baba, naye akamwita mwanangu. Baada ya muda mfupi kazi moja ikawa yake peke yake: matundu ya vifungo. Cherehani ile ya kukanyaga haikuweza kuyatengeneza, ilibidi mkono, na mkono wa Fundi ulikuwa mzito kwa jambo hilo. Wa Aikande ulikwenda wenyewe, huku anakuitikia salamu na anahesabu mafungu yangu ya vitunguu kuhakikisha simpunji. Hatukumsikia akizungumza habari zake mwenyewe. Kwenye kikundi alikaa mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu, maana bila hiyo huwezi kuelewa kilichotokea. Ndugu aliyeokoka hakuamua jambo kubwa peke yake. Awe anaoa, anaolewa, anahama au anaacha kazi, alilileta mbele ya ndugu, akalisema wazi, akaomba nuru. Tuliinamisha vichwa tukanyamaza. Kisha kila mmoja alisema alichopewa. Tukiwa na nuru, anakwenda. Tusipokuwa nayo, anasubiri, na hakuna aliyewahi kukataa kusubiri.

Ni desturi nzuri. Sijaiacha hadi leo. Ila Fundi ndiye aliyekuwa anasema wa kwanza, kwa heshima yake, na sisi tulifuata: "Hata mimi." "Hata mimi, ndugu." Benchi zima mpaka mwisho. Katika miaka yote ile sikumbuki ndugu mmoja aliyepewa nuru tofauti na ya Fundi. Wakati ule niliona huo ni umoja wa Roho. Kama ningekuta wauza vitunguu wote wa Kariakoo wanataja bei moja, ningejua hapa mmoja ametaja na wengine wameitikia. Sokoni nilikuwa na macho. Uani niliyafumba.

Mwisho wa mwaka mmoja Aikande alisimama. Tulishangaa hata kabla hajasema. Akasema kuna kijana wa reli, ameokoka, anasali na kikundi cha Gerezani, amehamishiwa Tabora na anataka kumwoa waende wote. Wazazi huko nyumbani wamekubali. Yeye anaomba nuru. Akakaa, mikono imefumbatana, uso umechangamka namna ambayo hatukuwa tumeiona.

Sasa mwisho wa mwaka ndio wakati wa sare. Fundi alikuwa amepokea kazi ya shule mbili, kaki na mashati meupe, mafungu yamepangwa barazani hadi yamegusa magunia yangu. Kila shati lina vifungo, na kila kifungo kina tundu. Hayo yote niliyaona. Nilikuwa nimeyapita nikija uani.

Tuliinama. Fundi kwa kola ya shati aliweza kutungojesha mpaka chai ikapoa. Kwa Aikande alisema kabla sijamaliza kufumba macho.

"Mwanangu, nimepewa neno. Subiri."

"Hata mimi," akasema aliyemfuata. Ikaja hivyo, mtu kwa mtu, ikanifikia. Nilikuwa nimemwachia mtu magunia, na jua lilikuwa kali. "Hata mimi," nikasema.

Uso wa Aikande ulirudi ulivyokuwa siku zote. "Asanteni, ndugu," akasema. Alinyanyuka akaenda barazani, akachukua shati la juu kabisa kwenye fungu.

Bi Mkubwa hakusubiri tutawanyike. "Mwanamke kaposwa na kijana mzima, mwenye kazi ya serikali, na wazazi wameridhia. Nyinyi mnamwambia asubiri. Asubiri nini, reli ihamie hapa?"

"Ni mambo ya Mungu, Bi Mkubwa," alisema Fundi.

"Haya. Mungu mmoja huyo huyo na mimi namwomba," alijibu, akapepeta mchele wake. "Mie hajaniambia."

Kijana alisubiri. Alikuja barazani mara kadhaa na kofia mkononi, akamwamkia Fundi, akaambiwa bado. Baada ya Pasaka alikwenda Tabora, na baada ya muda tukasikia ameoa huko. Ndugu mmoja alileta habari hizo barazani kama habari za kawaida. Aikande alikuwa ameinamia koti. Aliniomba nimsogezee uzi mweusi.

Miaka ikapita, na Fundi akawa mtu mwingine kidogo, ingawa nilichelewa kuunganisha mambo. Kwa vitambaa aliendelea kusema ameambiwa au hajaambiwa. Kwa watu aliacha. Mtu akiomba nuru, alisema, "Aanze mwingine leo," na benchi likahangaika, hatujui pa kuanzia. Fundi alimnunulia Aikande kiti chenye mto. Alikuwa hamfokei tena. Toba zake za Alhamisi zikazidi kuwa ndogo, nyingi na ndogo, kama mtu anayelipa deni la gunia kwa punje. Nakumbuka alitubu kumwonea wivu fundi wa jirani kwa sababu ana mkasi mpya. Tukamwimbia, akakaa, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye bado amesimama.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Ilikuwa ile miaka migumu, sukari ya kugawiwa, sabuni ya kugawiwa, kitambaa ukikipata unakificha chini ya kanga. Fundi alikata kwa kupapasa. Aikande ndiye aliyetunga uzi sindanoni, aliyechora chaki, aliyemwekea mkasi mahali pa kuanzia na kumwambia, "Hapo, Baba." Wateja walijifanya hawaoni. Bila Aikande lile baraza lilikuwa limefungwa. Fundi hakuwa na mtoto mjini wala akiba, alikuwa na cherehani ambayo hawezi kuiona.

Ndipo mchungaji alipokuja kumwambia Aikande kwamba kuna nyumba ya kanisa Kigoma inayofundisha wanawake kazi za mikono, na wanatafuta mwalimu wa ushonaji. Chumba kipo, na mshahara kidogo upo. Aikande aliniambia mwenyewe akichagua vitunguu.

"Utakwenda?" nilimuuliza.

"Alhamisi nitasema," alijibu. "Hiki kimeoza, Kaka. Toa."

Habari zilifika kila mahali kabla ya Alhamisi. Bi Mkubwa aliniita pembeni. "Safari hii mtamwambia nini?" Nilikuwa nimeshaipigia hesabu mara mbili na kila mara ilinijia vile vile: akienda, mzee huyu amekwisha, akizuiwa, tumemfunga mtu mara ya pili.

Alhamisi hiyo uani palijaa. Fundi aliletwa kwa mkono mpaka kwenye kiti chake. Tulipomaliza kusoma, Aikande alisimama mahali pake pale mwisho wa benchi.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Asifiwe."

"Mmesikia nimeitwa Kigoma. Nami nimesimama—"

"Mwanangu, ngoja," alisema Fundi. "Kabla hatujainama, mimi nina la kuweka wazi."

Alinyanyuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemshika kwa sababu hatukujua anataka nini. Aikande alibaki amesimama vile vile, sentensi yake mdomoni.

"Mwaka ule binti huyu alipoposwa na kijana wa reli," alisema Fundi, "niliwaambia nimepewa neno. Sikupewa. Nilikuwa na sare za shule mbili barazani, na hakuna mkono mwingine wa kutengeneza yale matundu. Niliziona zile kaki, nikaogopa, mdomo ukasema subiri. Niliiweka kazi yangu kinywani mwa Mungu. Tangu siku hiyo nimetubu kila kitu hapa uani, isipokuwa hiki."

Akapapasa kiti nyuma yake, akakishika. "Nimetubu, ndugu zangu. Mnisamehe."

Na sisi tukafanya kile tulichozoea. Mtu akitubu kwetu hutubu amesimama, na akimaliza tu wimbo huanza, tunamkumbatia, anakaa, na jambo limekwisha. Hakuna anayeulizwa zaidi, hata aliyekosewa. Ndugu mmoja kuli wa bandarini, mwenye sauti nene, ndiye aliyekuwa akituanzishia. Akaanza. Wawili watatu wakadaka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo na mimi, na nasema kweli, nilikuwa na furaha: kumbe limekwisha, tena kwa wepesi namna hii.

"Msiimbe," alisema Aikande.

Hakupandisha sauti. Yule kuli alibaki mdomo wazi. Wimbo ukafa benchi kwa benchi.

"Baba," alisema, "siku ile ulimuuliza?"

"Nani, mwanangu?"

"Mungu. Kabla ya kusema subiri, ulimuuliza?"

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Huyu ndiye mtu aliyeuliza habari ya kola, ya mifuko, ya upindo wa suruali ya mtu asiyemjua.

"Sikumuuliza," alisema. "Niliogopa atasema uende."

Mlangoni Bi Mkubwa aliacha kuchambua mchele.

"Mimi nilimuuliza," alisema Aikande. "Siku nyingi kabla sijaja kwenu. Nikasikia niende. Nilisikia vizuri, Baba, kama ninavyokusikia wewe sasa. Lakini nyinyi mlipoinama, wewe ukasikia vingine, na ndugu wote wakasikia vingine." Alitutazama, akianzia upande wa ukuta, hakumruka mtu. "Nikasema basi mimi ndiye nisiyejua kusikia. Ndugu wote hawa hawawezi kukosea, na mimi mshona vifungo nikapata. Toka siku hiyo sijamuuliza Mungu kitu. Nilikuwa nasali, lakini kuuliza niliacha. Nilikuwa nangoja nyinyi muulize."

Macho yake yalipofika kwangu nilitafuta cha kusema. Nimeishi kwa maneno, nimeshusha bei za watu wagumu kuliko jiwe. Kitu pekee nilichokuwa nimewahi kusema juu ya maisha ya mtu huyu kilikuwa maneno mawili, na niliyasema nikiwaza vitunguu.

"Kwa hiyo leo," alisema Fundi taratibu, "ukituomba nuru, sisi hatustahili—"

"Leo sikusimama kuomba nuru. Nilisimama kuaga. Baba hakuniacha nimalize."

Barabarani mkokoteni ulipita, msukumaji wake akiwapigia watu kelele wapishe.

"Nilimuuliza tena, wiki iliyopita," aliendelea. "Nilikuwa naona haya, kama mtu anayerudi kwa jirani aliyemsusa. Sikujua kama bado nitasikia. Nimesikia. Jumatatu napanda treni."

Treni ya Kigoma inapita Tabora. Kila mtu uani pale alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Fundi bado alikuwa amesimama. Bila wimbo hakujua akae vipi, wala sisi hatukujua tumkalishe vipi. Hatukuwa na desturi ya jambo hilo. "Mwanangu," alisema, "umenisamehe?"

Aikande alitoka mwisho wa benchi akaja mbele. Nilidhani atamkumbatia. Alimshika kiwiko, akausukuma kidogo mto wa kiti kwa mguu ukae sawa.

"Nitakusamehe, Baba. Hilo Yesu alishaagiza, halihitaji kuulizwa. Lakini leo usiniharakishe. Kaa, miguu itakuuma."

Akamkalisha. Alisubiri mpaka amekaa vizuri, ndipo akaachia kiwiko. Barazani kulikuwa na mteja anapiga hodi, anauliza koti lake liko tayari au anadanganywa tena, na Aikande aliitika, "Nakuja! Limebaki tundu moja!" akapita mlangoni. Bi Mkubwa alisogeza mkeka ampishe.

Sisi tulibaki uani. Vichwa viliinama vyenyewe bila mtu kusema tusali. Fundi alikaa mikono magotini, kichwa kimelala upande wake wa kushoto. Hakuna aliyefungua macho kumwangalia Fundi ili ajue na yeye aseme nini.